Msusi Asiyesema Nyamaza

Mara ya kwanza nilipoenda kwake peke yangu sikuwa na nywele. Tulikuwa tumetoka Bungoma kumzika mama, na siku chache baada ya maziko wazee walitukalisha wafiwa wote kwenye mkeka, wakatunyoa vipara kama ilivyo desturi ya kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tuliporudi Gatina, mtaani kwetu Kawangware, nilijifunga kitambaa, nikatoka nje bila kujua ninakokwenda, na miguu ikanipeleka saluni, mahali ambapo mama alizoea kunipeleka kabla shule hazijafunguliwa.

Msusi alikuwa na mteja kitini. Aliniangalia, akakiangalia kile kitambaa. Hakusema pole.

"Umechelewa," alisema. "Keti hapo. Nikimaliza huyu ni wewe."

"Anti, sina nywele."

"Nimeona. Kwani hata kichwa hauna?"

Nikaketi. Zamu yangu ilipofika alinifungua kitambaa, akatia mafuta kiganjani na kuanza kunipaka utosini, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza katika wiki zile zote za nyimbo na maombi.

"Mama yako alikuwa anapika ugali ngumu ama laini?"

"Ngumu."

"Ngumu ya aje?"

"Ya mwiko kusimama peke yake."

Alicheka. Nami nikacheka. Kisha nikalia, tena kwa sauti, na yeye hakuacha kupaka mafuta wala hakuniambia ninyamaze. Nilipomaliza alinifunga kitambaa changu vizuri kuliko nilivyokuwa nimekifunga mwenyewe, akasema, "Zitamea. Uje tu hata kabla hazijamea."

Watu wazima wa Gatina walimwita Msusi, hata mbele yake, na aliitika kana kwamba ndilo jina alilopewa kanisani. Sisi watoto tulimwita Anti. Hakuwa Mama Fulani. Kama alikuwa na mtoto mahali, hatukumwona, na katika ploti ya vyumba vya kupanga ambamo kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, jambo hilo peke yake lilitosha kunitia udadisi. Nimemchunguza tangu siku ile ya kipara, na mengi niliyoyaona hadi leo sijui niyapange vipi.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mabati, na mlango wake ulitazama njia ya maji. Kulikuwa na kiti kimoja cha wateja, draya moja ya kukaushia nywele iliyonguruma kama posho mill ya kusaga unga, na kioo kilichopasuka pembeni. Watu wazima aliwasuka kwenye kiti, mbele ya kioo. Watoto hakuwaweka kitini. Yeye aliketi kwenye kigoda, mtoto akaketi chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, uso ukiangalia nje. Ukiwa hapo humwoni. Unaona watu wakipita na mitungi, unaona kuku wa jirani, unasikia vidole vikitembea kichwani, na kabla hujajua, umeanza kusema. Nilipokua nilikumbuka mpango ule nikauona ni wa akili sana. Siku moja nikamuuliza kama aliufanya kwa makusudi ili watoto waongee.

"Ni mgongo," alisema. "Nikisimama sana unaniuma."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimletea sifa, alikurudishia kitu kidogo cha kawaida, na ukabaki hujui kama anaficha au ndivyo mambo yalivyo.

Alikuwa mbeya, hilo halina mjadala. Habari za Gatina zote zilipita kwake: nani amehama bila kuaga, mchungaji gani amenuniana na kwaya yake, binti gani ameonekana mtaa wa Kianda na kijana wa nani. Alizisimulia kwa mikono miwili, kitana kikiwa kimeshikwa na meno. Alikuwa mwongo pia. Kila mteja aliambiwa mtindo aliochagua umempunguzia umri, hata yule ambaye ulikuwa umemwongezea. Aligombana na muuza mboga za sukuma wa mlango wa pili kuhusu maji machafu tangu nimjue hadi nilipohama, na nadhani wote wawili waliupenda ugomvi ule. Lakini maneno ya watoto yaliyosemwa pale kwenye mkeka hayakuwahi kutoka. Nilimjaribu. Nilimwambia siri ya uongo kuhusu mwalimu wetu wa Kiingereza, nikangoja niisikie kwa watu. Hadi leo nangoja.

Tulikuwa wengi tuliopita kwenye mkeka huo. Kawangware haikosi mtoto aliyefiwa. Wengine waliletwa na shangazi zao kusukwa, wengine walikuja wenyewe wakijifanya wamepotea. Msusi hakuwa na somo la kutupa. Aliuliza maswali tu, tena ya ajabu. Baba yako alikuwa anapiga kikohozi cha aje akifika mlangoni? Mama alikuwa anakuita nani akiwa amekasirika? Ni kitu gani alikuwa anafanya kilikuwa kinakuudhi? Hili la mwisho lilitushtua. Tulikuwa tumefundishwa kwamba marehemu wote walikuwa watu wema. Nikamwambia mama alikuwa ananipaka mafuta ya miguu kwa nguvu hadi naumia. Kulisema hilo kulinipa raha ambayo sikuitarajia, kwa sababu aliyetokea kichwani mwangu alikuwa mama kabisa, si ile picha ya kwenye jeneza.

Si kwamba alijua kila kitu. Yeye mwenyewe alinisimulia kwamba zamani alikuwa akiwaambia watoto kuwa Mungu alimpenda mama yao zaidi ndiyo maana akamchukua. Kisha msichana mmoja mdogo akamuuliza, "Kwa nini asipende mama wa kwake?"

"Nilitafuta jibu mpaka nikamaliza kichwa kizima," alisema. "Sikupata. Basi nikaacha kusema hivyo."

Kanisa moja la huko Gatina lilipofanya semina ya kuwasaidia watoto waliofiwa, alifunga saluni akaenda, akaketi mbele, na inasemekana aliuliza maswali hadi chai ikapoa. Aliporudi alikuwa amefurahi kama mtu aliyekutana na watu wa kabila lake ugenini. "Kumbe hata wao wanasema mtoto asidanganywe," alituambia. "Na wanasema akicheza si kwamba amesahau." Hilo la kucheza lilinihusu. Wiki ile ile tuliyorudi kutoka Bungoma nilicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzangu, nikaruka na kupiga kelele, na Senje, yaani dada ya baba aliyekuja kukaa nasi, akasema mtoto huyu hana uchungu. Msusi alisikia akamjibu kutoka mlangoni pake: "Huzuni ya mtoto ni kama stima ya Gatina. Ikipotea usidhani imekatwa. Itarudi wakati hujajipanga."

Mdogo wangu Wekesa alikuwa na miaka mitano. Hakupelekwa mazishini. Senje aliona ni mdogo mno, wakamwacha kwa majirani na kumwambia mama amelala. Tuliporudi aliuliza kama ameamka. Akaambiwa bado, amelala kwa Yesu. Tangu hapo Wekesa akakataa kulala. Akivutwa kitandani anapiga mateke; akianza kusinzia anajifinya mapaja. Mwalimu wake wa nasari akalalamika kwamba mtoto anaangukia uji. Senje alisema ni utundu. Baba alisema ni minyoo, akanunua dawa.

Jumamosi moja nikaenda naye saluni. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota kama nyasi za mvua ya kwanza, na Msusi alikuwa akizichana kwa heshima ambayo hazikuistahili. Akamwona Wekesa.

"Hayo macho mekundu ni ya nini?"

"Hataki kulala," nilisema.

"Sijakuuliza wewe. Wekesa, ukilala kunakuwanga aje?"

Wekesa alichora chini kwa kidole cha mguu. "Wataniweka kwa shimo."

"Nani amesema?"

"Brayo amesema mama alilala, wakamweka kwa shimo."

Brayo alikuwa mtoto wa jirani. Msusi aliweka kitana chini. Chini ya draya alikuwa ameketi mama mmoja muuza samaki, amelala fofofo, mdomo wazi, akikoroma kuliko draya yenyewe.

"Kuja uangalie huyu," Msusi alimwambia Wekesa. "Amekufa?"

Wekesa alimsogelea, akamkagua kwa makini. "Anapiga kelele."

"Eh. Na kifua?"

"Kinaenda juu."

"Kinaenda juu, kinarudi chini. Huyo ndiye amelala. Nikimgusa ataamka na ataniuliza kama nywele zimekauka. Sasa sikia. Mama yako hakulala. Mama yako alikufa. Mwili wake ulikuwa mgonjwa sana, madaktari wakajaribu, ukaacha kufanya kazi. Hapumui tena, hasikii baridi, haumwi. Mtu akikufa haamki."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Nilitaka kumziba mdomo. Sijui kwa nini, maana mimi nilikuwa nimeliona jeneza likishuka. Labda nilikuwa nimejiwekea akiba ya mahali pamoja ambapo mama hajafa, napo ni kichwani mwa Wekesa.

Wekesa alirudi kuchora chini kwa kidole cha mguu. "Nilipiga debe akiwa amelala," alisema kwa sauti ndogo. "Akaniambia niwache. Sikuwacha."

Msusi alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti mbele yake. "Kelele haiui mtu, Wekesa. Ingekuwa inaua, hii Gatina ingebaki na nani? Si debe. Si wewe. Ni ugonjwa."

Ndipo mdogo wangu akalia kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Alilia hadi muuza samaki akaamka, akaangaza huku na huku, akashika kichwa chake na kuuliza, "Zimekauka?" Wekesa alinyamaza ghafla, akamkodolea macho. Kisha akaendelea kulia, lakini sasa ameegemea bega la Msusi.

Senje alikuja kesho yake na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Baba alikuja jioni, kabla jua halijazama, viatu vikiwa na saruji. Alikuwa fundi wa ujenzi, mtu wa maneno machache hata katika siku nzuri. Alisimama nje kwa sababu wanaume hawakuzoea kuingia pale.

"Msusi, umemwambia nini mtoto wangu?"

"Ukweli," alisema. "Lakini nilipaswa kukuita wewe kwanza. Hapo nimekosa, Fundi. Nisamehe."

Baba alikuwa amejiandaa kwa vita, na ukuta aliotaka kuugonga ukawa haupo. Akavuta mtungi wa maji, akaukalia.

"Jana amelala," alisema baadaye.

"Amelala?"

"Ameniamsha mara moja aone kama napumua. Halafu akalala mpaka asubuhi." Alijifuta uso kwa mkono wake mchafu, ukaacha alama. "Ananiuliza vitu sijui."

"Ukijua, mwambie. Usipojua, sema sijui, na usitoke hapo."

Kisha Msusi akanigeukia. Nilikuwa nimejibanza karibu na mlango, nikidhani wamenisahau. "Na huyu? Huko nyumbani walimwambia sasa yeye ndiye mama."

"Ndiye mkubwa," baba alisema.

"Ni mkubwa wa watoto. Nafula, leta mikono baba aone."

Nikaileta. Ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya unga, kwa kufua nguo za watu wanne na kuosha sufuria tangu tuliporudi. Baba aliiangalia kama anavyoangalia ukuta uliojengwa vibaya na mtu mwingine, kisha akagundua ni wake. Usiku huo alisonga ugali mwenyewe. Ulikuwa uji mzito, tukaula kwa vijiko.

"Rosa angecheka hii ugali," alisema.

Tulimwangalia sote, hata Senje. Lilikuwa jina la mama, na hatukuwa tumelisikia mdomoni mwake tangu kaburini. Wekesa alisema, "Angecheka mpaka akae chini." Na kwa kweli hivyo ndivyo mama alivyokuwa akicheka.

Nisije nikamfanya Msusi kuwa daktari. Alijua mahali ambapo kazi yake inaishia, na hadi leo hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Kulikuwa na msichana wa sekondari aliyefiwa na baba yake. Alikuja akaketi kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba anataka kumfuata. Wakati huo Msusi alikuwa anamsuka mwanamke mmoja aliyekuwa akienda harusini, upande mmoja wa kichwa umekwisha, wa pili umesimama kama moto. Msusi alivua aproni. "Samahani mami, hii imenishinda kitana," alimwambia yule mteja, akamshika msichana mkono, wakatembea pamoja hadi kwa mwalimu wa ushauri wa shule yake, na kutoka hapo, wote watatu, hadi hospitali. Hakurudi kazini siku hiyo. Mteja alienda harusini amejifunga kilemba, na kwa miaka mingi alilisimulia hilo kama malalamiko. Msichana mwenyewe alipomweleza sababu, alilisimulia kama sifa yake mwenyewe. Yule msichana yupo. Tulikutana sokoni akiwa na mtoto mgongoni, akanisimulia haya yote mwenyewe.

Jambo moja lilinisumbua zaidi ya yote. Msusi hakukosa matanga. Alichanga, alipika chai, aliimba. Alikuwa akiwaambia watu wazima kwamba mtoto akitaka kumuaga mzazi wake, wamweleze kwanza atakachokiona, kisha wamshike mkono waende naye. Lakini yeye mwenyewe jeneza likifunguliwa hutamwona. Atakuwa nyuma ya hema, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nikajijengea hadithi. Nikaamua kwamba alifiwa akiwa mdogo sana, labda na wazazi wote wawili, na kwamba alionyeshwa kitu kikamtisha, na ndiyo sababu alituelewa. Hadithi hiyo niliibeba hadi utu uzima. Nilimsimulia hata mume wangu kana kwamba ni kweli.

Nyumba za mabati za upande ule wa Gatina zilibomolewa, ghorofa zikapanda, na Msusi akapotea. Mwaka huu ndipo nikasikia yuko Kianda, karibu na shule ya Olympic. Nikaenda Jumamosi asubuhi. Nilimkuta nje ya chumba chake, kwenye kigoda, amenenepa kidogo, vidole vimejikunja kwa ugonjwa wa viungo hata kikombe anakishika kwa viganja viwili.

"Nafula wa Fundi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Umechelewa."

Tulikunywa chai. Nikamwambia Wekesa ni fundi wa stima Nakuru, na baba ameoa tena, na huyo mama tunaelewana. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote.

"Anti, ni nani wako aliyekufa ukiwa mtoto?"

Alinishangaa. "Mimi? Hakuna."

"Hakuna?"

"Baba alikufa mzee kabisa, juzi juzi tu. Mama yuko Busia, ana meno kunishinda."

"Sasa ulijuaje yale yote?"

"Nilikuwa nauliza. Watoto wanasema wakiulizwa. Wewe ulidhani aje?"

Nikamwambia hadithi yangu, pamoja na jeneza na vikombe. Alicheka hadi chai ikamwagika. "Maiti naziogopa tu, Nafula. Tangu zamani. Huo ni woga, hauna hadithi."

Bado alikuwa anacheka wakati pikipiki iliposimama. Alikuwa mwendeshaji bodaboda wa mtaa wa Silanga, kijana wa miaka kama thelathini, na mbele yake kwenye tangi ameketi msichana wa miaka saba hivi. Msusi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama wa mtoto alifariki miezi michache iliyopita. Matuta ya nywele yaliyokuwa kichwani mwa msichana yalikuwa ya mwisho kusukwa na mama yake, na tangu hapo hakutaka mtu ayaguse. Yalikuwa yamefifia, yameota vumbi na kushikana. Shule ilikuwa imelalamika. Shangazi alitaka amshike kwa nguvu amfumue. Baba ndiye aliyekataa. Walikuwa wakija pale kila Jumamosi, wanakaa, wanaondoka na matuta yao.

"Niaje, bosi," Msusi alimwambia msichana. "Leo ni aje?"

Msichana aliketi kwenye mkeka, akampa mgongo. Aliwatazama wapita njia. Mwishowe akasema, "Baba anaweza kufumua. Lakini pole pole."

Baba yake alimwangalia Msusi kwa hofu. Msusi akamwonyesha vidole vyake vilivyojikunja. "Mimi siwezi hata nikitaka. Shika kitana. Anza kufumua na mkia wake."

Akaanza. Vidole vile vilivyozoea breki vilitafuta mahali pa kuanzia.

"Mama alikuwa anaanzia nyuma," msichana alisema.

"Sikujua."

"Ulikuwa job."

"Nilikuwa job," baba alikubali, akahamia nyuma. "Nini ingine alikuwa anafanya?"

"Alikuwa anaimba. Lakini vibaya."

Kijana alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. Aliendelea kufumua tuta moja baada ya jingine, na msichana akaendelea kumweleza, akielekeza kwa kidole bila kugeuka, mpaka likabaki tuta moja nyuma ya sikio. Hapo msichana akalifunika kwa kiganja.

"Hii tuiwache."

"Mpaka lini?" baba aliuliza, akimtazama Msusi.

"Usiniulize mimi. Muulize mwenye kichwa."

Akainama karibu na sikio la bintiye. "Mpaka lini, mami?"

Msichana alifikiri. "Mpaka Jumamosi," alisema. Kisha akafikiri tena. "Ama Jumamosi ile ingine."

"Sawa," baba yake akasema, akatia mafuta kiganjani na kuanza kuchana zile nywele nyingine, akilizunguka lile tuta.